Tuzipime kwa haki riwaya za upelelezi za wafumaji na washonaji

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu aina moja ya riwaya ambayo wahakiki huipita haraka, na hata wanapoitaja huitaja kama kitu cha kupotezea muda. Nazungumzia zile riwaya tulivu za upelelezi ambazo mpelelezi wake ni raia wa kawaida mwenye kazi ya mikono anayoipenda: anafuma kwa sindano, anashona mifarishi ya viraka, anadarizi, anafinyanga vyungu au anajalidi vitabu. Mauaji hutokea, lakini damu haimwagwi mbele ya macho ya msomaji, matusi ni haba au hayapo kabisa, na kabla ya ukurasa wa mwisho mkosaji amejulikana. Mimi ni msomaji wa riwaya hizi na pia ni mfumaji, na hoja yangu ni kwamba thamani yake imo katika ujuzi wenyewe wa mikono, pale ujuzi huo unapogeuka kuwa njia ya kuufikia ukweli, na kwa hiyo tuzihukumu kwa kipimo hicho badala ya kuzilinganisha na riwaya za majambazi na risasi ambazo hazikuandikwa kwa shabaha hiyo.

Mfano bora kuliko yote ninayoifahamu ni wa zamani kidogo. Mwaka 1916 Susan Glaspell wa Marekani alitoa tamthilia fupi ya tendo moja, na mwaka uliofuata akaiandika upya kama hadithi fupi. Kabla ya hapo Glaspell alikuwa mwandishi wa habari katika jimbo la Iowa, na ndiye aliyeliripotia gazeti lake kesi ya mke wa mkulima aliyeshtakiwa kwa kumuua mumewe kwa shoka usingizini, mauaji yaliyotokea Desemba 1900. Katika hadithi aliyoitunga baadaye, mume amenyongwa kwa kamba kitandani, mke yuko mahabusu, na mwendesha mashtaka pamoja na sherifu wanaipekua nyumba wakitafuta kitu kimoja tu kinachokosekana katika kesi yao, yaani sababu ya mauaji. Wanaume wanapanda chumba cha juu na kwenda zizini. Wanawake wawili, mke wa sherifu na mke wa jirani, wanaachwa jikoni wakusanye vitu vya kumpelekea mshtakiwa.

Humo jikoni wanakuta vipande vya mfarishi ambao mwenye nyumba alikuwa akiushona. Vipande hivyo vimeshonwa kwa mishono midogo, iliyonyooka, yenye urefu ulio sawa, isipokuwa kimoja, ambacho mishono yake imekwenda ovyo, mirefu kwa mifupi, kana kwamba mshonaji hakujua anachokifanya. Mtu asiyeshona angeona kipande kilichoharibika na kukiweka kando. Anayeshona anaona zaidi ya hapo: anaona kwamba mkono huu ulikuwa umetulia siku nyingi, na kwamba kuna saa fulani ambapo jambo zito lilimpata mwenye mkono, naye akaendelea kushona kwa sababu hakujua la kufanya zaidi ya kushona. Mke wa jirani anaufumua mshono ule mbovu, anatunga uzi na kuanza kuushona upya vizuri, na msomaji anatambua kwamba ushahidi unafutwa mbele ya macho yake. Baadaye, katika kisanduku cha vifaa vya kushonea, wanamkuta ndege aina ya kanari aliyevunjwa shingo, amefungwa katika kipande cha hariri. Wanatambua kwamba mume ndiye aliyemuua ndege wa mkewe, na hiyo ndiyo sababu iliyokuwa ikitafutwa nyumba nzima. Wanaume hawakuiona, na walikuwa wamekwisha kuwacheka wanawake wale kwa kujiuliza kwao kama mfarishi ule ungeunganishwa kwa mishono au ungefungwa kwa mafundo, ilhali aliyekufa alikufa kwa fundo la kamba.

Nimeieleza hadithi hiyo kwa urefu kwa makusudi, Mhariri, kwa sababu karibu kila kitu ambacho riwaya za kazi za mikono hukifanya leo, zinapokifanya vizuri, kimo ndani yake: ushahidi umo katika kazi iliyoachwa nusu, watu wa sheria wanaupita kwa kuwa hawakufundishwa kuuona, na anayeusoma ni mtu ambaye maarifa yake hayahesabiwi kuwa maarifa.

Wala hapa hakuna uchawi wala bahati. Kila mfumaji ana mkono wake, na mkono huo hauigiki kwa urahisi. Wapo wanaouvuta uzi mpaka vitanzi vinakaza na sindano inapita kwa taabu, na wapo wanaouachia mpaka kitambaa kinalegea. Wapo wanaoushika uzi kwa mkono wa kulia na kuuzungusha kwenye sindano, na wapo wanaoushika kwa mkono wa kushoto na kuuchota kwa ncha. Aliyejifunza peke yake pengine huingiza sindano nyuma ya kitanzi badala ya mbele, na kitanzi kikatoka kimejipinda. Akifuma hivyo sweta zima, kila safu inamtaja kwa jina. Ndiyo maana waandishi wa maelekezo ya kufuma humtaka mtu aanze kwa kufuma kipande cha mraba cha sentimita 10 na kuhesabu vitanzi na safu zake, kwa kuwa wanajua fika kwamba watu wawili wakipewa uzi uleule, sindano za unene uleule na maelekezo yaleyale, watatoka na nguo za upana tofauti.

Uzi nao una habari zake. Viwandani hutiwa rangi kwa mafungu, na kila fungu hupewa namba inayochapwa kwenye karatasi inayozunguka donge la uzi, kwa sababu madonge mawili ya rangi yenye jina moja, yakitoka katika mafungu tofauti, huachana kidogo kwa namna ambayo taa ya usiku huificha na mwanga wa mchana huifichua. Fikiria mwandishi anayelijua jambo hilo anavyoweza kulitumia. Mshukiwa anadai kwamba sweta alilovaa jioni ya mauaji ni hilihili analoonyesha, halijaguswa na mtu. Mfumaji analipeleka dirishani na kuona kwamba mkono mmoja, kuanzia kwenye kiwiko kwenda chini, umefumwa upya kwa uzi wa fungu jingine. Au mtu anasema alikaa kitini akifuma saa nne mfululizo, na kazi aliyoiacha ina safu chache ambazo mwanafunzi wa wiki moja angezimaliza kwa nusu saa. Ushahidi wa namna hiyo hauhitaji maabara, na una nguvu kwa sababu umetoka katika tabia za mkono ambazo mwenyewe mhusika hazijui.

Hapo linazuka swali la haki kwa msomaji, na kwangu hili ndilo swali zito kuliko yote katika aina hii ya uandishi. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri na mwandishi wa riwaya za upelelezi wa Uingereza, aliweka kanuni 10 za mchezo huu, na mojawapo inamkataza mpelelezi kukuta kidokezo chochote bila kukionyesha papo hapo kwa msomaji. Sasa, kama kidokezo ni kitanzi kilichojipinda na msomaji hajawahi kushika sindano maishani mwake, je, ameonyeshwa? Amekiona kwa macho, lakini hakupewa njia ya kukielewa. Mwandishi mzembe humaliza tatizo hilo kwa kumfanya mpelelezi atoe somo refu la kufuma katika sura ya mwisho, wakati wa kumtaja mkosaji, na msomaji ana kila sababu ya kuhisi kwamba amechezewa rafu.

Mwandishi hodari huanza kufundisha mapema. Atampa msomaji somo katika sura ya tatu, katika mazungumzo ya kawaida ya watu wanaofuma pamoja, ambapo mmoja anamsahihisha mwenzake na kumwonyesha kosa linavyoonekana upande wa mbele na upande wa nyuma. Msomaji analipokea kama sehemu ya maisha ya kundi lile, na sura kumi na tano baadaye, kosa hilohilo likijitokeza kwenye skafu iliyookotwa mahali pasipostahili, anashtuka kabla ya mpelelezi kushtuka. Naijua furaha hiyo na siwezi kuilinganisha na nyingine yoyote katika usomaji wa riwaya. Nadhani ndiyo sababu mifululizo miwili maarufu ya Marekani ilianza na mpelelezi asiyejua kazi. Monica Ferris, katika mfululizo aliouanza mwaka 1999, alimfanya mhusika wake mkuu arithi duka la nyuzi na sindano kutoka kwa dada yake aliyeuawa, wakati mwenyewe hajui kazi ya sindano. Na Maggie Sefton, mwaka 2005, alimleta mhasibu ambaye shangazi yake ameuawa na ambaye anajikuta akifundishwa kufuma na watu wanaokutana katika duka la nyuzi. Mhusika anajifunza, na msomaji anajifunza naye, hatua kwa hatua, bila kuhisi kwamba yuko darasani.

Kuna sifa nyingine ambayo wahakiki huiona kama udhaifu, nayo ni kwamba mpelelezi wa riwaya hizi huwa ni mtu asiyetishia. Agatha Christie, mwandishi wa riwaya za upelelezi wa Uingereza, aliijua nguvu ya jambo hilo alipomleta mpelelezi wake, bibi mzee Miss Marple, kwa mara ya kwanza mwaka 1927, katika hadithi fupi ambayo watu wanajadili mauaji yaliyowashinda wengi huku yeye akiwa ameketi pembeni na kazi yake ya kufuma. Anayefuma ana ruhusa ya kukaa. Hakuna anayemuuliza anangoja nini wala kwa nini yupo. Macho yake yako chini, kwa hiyo wanaozungumza husahau kwamba masikio yake yako wazi. Wanaodhani kwamba hilo ni jambo la vitabuni tu wamtazame Phyllis Latour, jasusi aliyetumwa na Uingereza, akashuka kutoka ndegeni kwa parachuti katika Normandy nchini Ufaransa Mei 1944 na kuzunguka maeneo yaliyokaliwa na Wajerumani akijifanya msichana maskini. Misimbo ya ujumbe wake ilikuwa imechapwa kwenye kipande cha hariri, ambacho alikizungusha kwenye sindano ya kufumia na kukisukuma ndani ya kamba bapa ya kiatu aliyofungia nywele. Alipopekuliwa, aliivuta kamba nywele zikaanguka, ili waone kwamba hafichi kitu, nao wakamwacha. Ufaransa ilimtunuku nishani ya heshima mwaka 2014, akiwa mzee, na alifariki mwaka 2023.

Utulivu wenyewe nao umekuwa ukishutumiwa. Husemwa kwamba riwaya isiyoonyesha jeraha inakwepa ukweli wa mauaji. Mshairi W. H. Auden, katika insha aliyoichapisha mwaka 1948 kuhusu riwaya za upelelezi, alitoa hoja iliyo kinyume na hiyo, nami nakubaliana naye: kadiri mahali panavyokuwa pazuri na pa amani, ndivyo mauaji yanavyopingana napo, na ndivyo maiti inavyoshtua kwa kuwa mahali pasipo pake. Katika mtaa wa magenge maiti ni habari ya kila siku. Katika chumba ambacho watu wanane hukutana kila wiki kushona mfarishi mmoja, kiti kimoja kikibaki kitupu, saba waliobaki wanaujua mshono wa asiyekuwapo, wanajua amefika kipande gani, na mmoja wao ndiye aliyemuua. Sioni ni wapi hapo ukweli umekwepwa. Naona umewekwa katikati ya watu wanaojuana, ambako ndiko usaliti unakouma zaidi.

Kushona kwa pamoja kuna maana nyingine ambayo waandishi wachache wameitumia ipasavyo. Mfarishi wa viraka ni kazi inayotunza kumbukumbu, kwa kuwa kila kiraka kimetoka katika nguo ya mtu, na michoro yake ina majina yanayorithiwa. Earlene Fowler, aliyeuanza mfululizo wake mwaka 1994, aliyatumia majina ya michoro hiyo kuvipa vitabu vyake majina, na mhusika wake mkuu ni msimamizi wa makumbusho ya sanaa za jadi, kwa hiyo kazi ya mikono inaingia katika hadithi kama urithi, pamoja na ugomvi wote unaoandamana na urithi. Kitambaa cha zamani kinaweza kuthibitisha nani alikuwa wapi na lini. Rangi fulani zilianza kutumika katika miaka inayojulikana. Rangi ya kwanza ya kisasa iliyotengenezwa kwa kemikali, ya zambarau, ilipatikana mwaka 1856 mikononi mwa William Henry Perkin, kijana wa miaka 18 aliyekuwa akijaribu kutengeneza kwinini jijini London. Anayekuletea mfarishi wenye rangi hiyo na kuapa kwamba ulishonwa mwaka 1820 anakudanganya au amedanganywa, na riwaya nzima inaweza kusimama juu ya tofauti ya hayo mawili.

Sitaki nionekane kwamba natetea kila kitabu kilichobandikwa picha ya donge la uzi kwenye jalada. Vipo vingi vibaya. Ubaya ulioenea zaidi ni ule wa kazi ya mikono kugeuzwa pambo: mhusika ana duka la nyuzi, paka analala kapuni, rangi za uzi zinasifiwa kurasa mbili, na mwishoni mkosaji anajulikana kwa sababu alisikika akizungumza kwenye simu. Ukiondoa duka la nyuzi na kuweka duka la viatu, hakuna kitakachobadilika. Hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza kwa wahakiki, na ni kipimo kikali: iondoe kazi ya mikono, kisha utazame kama fumbo bado linafumbuka. Likifumbuka, mwandishi ametumia jina la ufundi bila kuulipia gharama yake. Ubaya mwingine ni kumfanya polisi kuwa mjinga ili mfumaji aonekane mwerevu, jambo lisilo la lazima, maana polisi mwenye akili asiyejua kufuma ni mshindani mzuri zaidi na anampa mpelelezi kazi ya kweli ya kumshawishi. Kuhusu lawama kwamba mji mdogo hauwezi kuwa na mauaji mengi kiasi kile, sina utetezi, isipokuwa kwamba mfululizo wowote wa upelelezi unaomrudisha mpelelezi yuleyule mahali palepale una tatizo hilohilo.

Niongeze jambo dogo kuhusu desturi ya kuweka maelekezo ya kazi mwishoni mwa kitabu, mchoro wa kudarizi au maelezo ya kufuma ile skafu iliyotajwa ndani ya hadithi. Baadhi ya watu huiona kama mbinu ya biashara. Mimi huyasoma maelekezo hayo kwanza, kabla ya sura ya kwanza, kwa sababu mara nyingi yananieleza kama mwandishi anaijua kazi au ameisikia tu kwa watu: hesabu ya vitanzi isipolingana na vipimo vilivyotajwa, huwa napunguza matumaini yangu kuhusu vidokezo vitakavyofuata, na mara chache nimejuta.

Wasomaji wa Kiswahili si wageni wa upelelezi wa namna hii. Tangu mwaka 1960 tumekuwa na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, ambaye hakuvaa sare wala kubeba bunduki, na aliyetegemea macho, masikio na subira ya kufikiri. Msomaji aliyelelewa na hadithi hizo hawezi kushindwa kumwelewa mpelelezi ambaye silaha yake ni kujua upindo huu umekunjwa na nani.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni la mambo mawili. La kwanza, ukurasa wako wa vitabu uzipe riwaya hizi nafasi mara moja moja, na uzikabidhi kwa mhakiki aliye tayari kueleza kama ufundi uliomo ndani yake ni wa kweli na kama msomaji asiye fundi alitendewa haki. La pili, ufikirie kuichapa kwa Kiswahili, kwa sehemu, hadithi ile ya Glaspell ya mwaka 1917. Mwandishi huyo alifariki mwaka 1948, na katika nchi ambazo hakimiliki humalizika miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi, hadithi hiyo sasa ni mali ya umma. Ni fupi vya kutosha kumalizika katika matoleo machache ya mwisho wa juma. Ningeomba tu kwamba atakayeifasiri awe anashona, au aketi na mshonaji anapofika kwenye kile kipande chenye mishono iliyokwenda ovyo, kwa kuwa hadithi nzima imebebwa na sentensi zile chache, na asiyejua mkono ulivyoshika sindano anaweza kuzifasiri zote kwa usahihi wa maneno na bado akampotezea msomaji kidokezo.

Wako katika usomaji,
Mfumaji na msomaji wa gazeti hili